Taa Ina Swichi

Nilijifunza tofauti ya volti 12 na volti 24 kwa pua.

Ilikuwa jioni, katika yadi moja ya kujenga mabodi ya mabasi upande wa Industrial Area, Nairobi. Nilikuwa nimesimama juu ya ndoo ndani ya basi jipya la abiria 33 ambalo hata rangi halijapakwa. Fundi alikuwa ametoka kwenda kununua chai. Nikaona wacha nimpunguzie kazi. Nikachukua utepe wa taa za LED, ule wa kubandika, mita tano, nikaunganisha nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikabonyeza swichi. Taa ziliwaka. Kusema kweli ziliwaka vizuri kuliko taa yoyote niliyowahi kuona, kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Kisha ikaja harufu ya plastiki inayoungua, halafu giza.

Fundi aliporudi hakuuliza kilichotokea. Alinusa tu.

"We kijana, umeweka ya Nissan kwa basi?"

"Nisamehe, mzee."

"Mimi si padri. Hiyo inatoka kwa pesa yako ya wiki."

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu baada ya karo kunishinda. Makala nilizokuwa nikiandika zilikuwa zinalipa nauli, si rent. Basi nikawa msaidizi wa fundi wa umeme wa magari: kushika tochi, kuvuta nyaya, kukimbia Luthuli Avenue kutafuta rimoti na Kirinyaga Road kutafuta fyuzi. Ni kazi ya mikono, lakini nilitoka nayo na swali ambalo hakuna lekcha aliyewahi kunipa. Matatu za Nairobi zilianza lini kung'aa hivi, na kwa nini?

Kuhusu michoro ya matatu nimesoma mengi. Kuhusu muziki wake, mengi zaidi. Kuhusu taa nimesoma kidogo sana, ilhali usiku, ukiwa stegi pale Railways au Odeon, taa ndiyo unaiona kwanza. Kabla hujasoma jina la gari, kabla hujasikia ngoma inayochezwa, umeshaona bluu au zambarau ikikata kona, na tayari umejua kama utapanda au utangoja inayofuata.

Tuanze na giza, kwa sababu matatu ilizaliwa huko.

Kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Service ilianza kubeba watu wa Nairobi mwaka 1934, na jiji likaipa haki ya kuwa peke yake barabarani. Lakini mabasi yake hayakufika kila mahali ambapo Mwafrika aliishi. Halafu kutoka 1952 hadi 1960 kukawa na Hali ya Hatari. Usiku wa Nairobi ukawa wa kafyu, vitambulisho na misako. Mwaka 1954, katika Operesheni Anvil, maelfu ya watu walizolewa kwa siku chache tu na kupelekwa kambini. Mji ule ulikuwa na taa, lakini taa hazikuwa za kila mtu. Kwa Mwafrika, kumulikwa usiku kulimaanisha kwamba kuna askari nyuma ya tochi.

Katika miaka hiyo ya mwisho ya ukoloni na ya kwanza ya uhuru ndipo watu wenye magari mabovu mabovu, vigari vya mizigo na vani kuukuu kama za Ford Thames, walipoanza kubeba abiria bila leseni. Nauli ilikuwa senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi. Jina likatoka hapo. Hadi leo ukisema mathree bado unahesabu zile sarafu. Gari kama hilo halikuwa na sababu yoyote ya kutaka kuonekana. Lilikuwa likibeba watu kinyume cha sheria, na polisi walikuwa wakilitafuta. Uzuri wake ulikuwa kufika na kupotea.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatangaza kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila ile leseni maalum ya uchukuzi. Ni tangazo fupi lililobadilisha mji. Gari lililokuwa likijificha sasa lilikuwa na sababu ya kujionyesha, maana mpinzani wake hakuwa tena polisi peke yake. Alikuwa pia yule mwenzake aliyeegesha mbele yake stegi. Abiria ni mmoja, magari ni matano. Atapanda gani?

Hili swali ndilo lililozaa kila kitu: rangi, majina, spika, na taa.

Mambo yalishika moto miaka ya tisini, soko la magari lilipofunguliwa na vani za Kijapani zilizotumika zikaanza kumiminika kupitia bandari ya Mombasa. Nissan Caravan, Toyota HiAce. Kuna jambo huwa linanifurahisha hapa. HiAce ile ile, kule Australia au Ulaya, mtu hununua akaitoa viti, akaweka kitanda na jiko dogo, akabandika taa za dari, akaenda kulala ufukweni na mpenzi wake. Sisi tuliichukua tukaweka viti vya abiria, tukaitafutia wimbo. Lakini fundi wa kule na fundi wa hapa wanakuna kichwa kwa jambo moja: nina betri ya volti 12, nina dari ya bati, nafanyaje hii nafasi ndogo ionekane kama mahali pa kukaa, isiwe kama mkebe?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa balbu. Fundi wangu alianza kazi wakati wa manyanga, na ananiambia walikuwa wakichukua balbu ndogo za gari na kuzivika karatasi angavu ya rangi, ile ya kufungia zawadi. Shida ni kwamba balbu ya waya ni jiko linalojifanya taa. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaoukula huishia kuwa joto. Karatasi iliungua, betri ilikufa, na dereva alikuwa akisukumwa stegi asubuhi.

Kulikuwa na neoni pia, angalau kwa ndoto. Mwaka 1910 Mfaransa Georges Claude alionyesha taa za neoni katika maonyesho ya magari jijini Paris, na miongo mingi baadaye vijana wa Marekani wakaanza kufunga mirija ya aina hiyo chini ya magari yao ili lami ing'ae. Lakini neoni ni mrija wa kioo, na inataka maelfu ya volti ili iwake. Sasa hebu ichukue hiyo Jogoo Road, kwa yale mashimo, na watu wamesimama mlangoni. Haifiki jioni.

Kilichobadilisha mambo ni chipu ndogo kuliko punje ya mchele.

Mwaka 1962, Mmarekani Nick Holonyak, akifanya kazi katika kampuni ya General Electric, alitengeneza LED ya kwanza ya kutumika yenye mwanga unaoonekana kwa jicho. Ilikuwa nyekundu. Rangi ya kijani na ya manjano zikafuata. Bluu ikakataa. Kwa karibu miaka thelathini wanasayansi walihangaika nayo, na wengi wakaikatia tamaa. Na bila bluu hakuna nyeupe, kwa sababu LED nyeupe unayoiona leo, hata ile ya tochi ya simu yako, kwa kawaida ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa manjano juu yake.

Waliofaulu ni Wajapani watatu. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walifanya kazi chuoni kule Nagoya. Wa tatu, Shuji Nakamura, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Nichia, mbali na miji mikubwa, na aliendelea na bluu hata baada ya wakubwa wake kumtaka aiache. Nichia ilitangaza LED ya bluu yenye mwanga mkali mwaka 1993. Zawadi aliyopewa Nakamura na kampuni wakati ule ilikuwa yeni 20,000, pesa ambayo haifiki dola 200. Nikisoma hapo huwa namkumbuka fundi wangu, ambaye ameng'arisha nusu ya magari ya Eastlands na bado anapanda gari kwa nauli.

Sasa angalia utepe wenyewe, ule nilioua. Kila chipu nyeupe au ya bluu inataka kama volti 3. Gari dogo linatoa 12, na injini ikiwaka inafika kama 14. Kwa hiyo watengenezaji huzipanga chipu tatu tatu kwa mfuatano, wakaongeza rezista ndogo ya kumeza ile volti inayobaki. Ndiyo sababu utepe wa volti 12 una alama ya kukatia baada ya kila taa tatu. Ukikata katikati, kikundi hicho hakiwaki. Tatu, tatu, tatu. Hakuna aliyepanga, lakini nilipoelewa hivyo nilicheka peke yangu: hata taa za mathree zinalipa mapeni matatu.

Na basi kubwa je? Mabasi mengi ya Nairobi siku hizi hujengwa juu ya chesisi ya lori. Chesisi inatoka kiwandani ikiwa na injini, usukani na magurudumu, halafu fundi wa hapa ndiye anayejenga nyumba juu yake: mabomba, mabati, vioo, viti. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa zikafanya 24. Utepe wa tatu tatu ukiupa 24, rezista inamezeshwa kuliko uwezo wake. Moja, mbili, tatu, harufu.

Turudi kwenye historia, maana hapa ndipo serikali inaingia.

Oktoba 2003, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alitoa kanuni ambazo kila Mkenya anazijua kwa jina lake. Zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Mikanda kwa kila kiti. Kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Dereva kwa sare ya bluu, makanga kwa maruni. Abiria 14 tu, si 14 na wengine wanne wameinama. Na mstari wa njano kuzunguka gari lote. Siku za kwanza magari yalipungua barabarani watu wakatembea kwa miguu hadi kazini, na bado wengi wao walimsifu. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini mama yangu hadi leo hulitaja jina la Michuki kwa heshima. Anasema ndiyo mara ya kwanza alipanda matatu akakaa kwenye kiti chake peke yake.

Lakini mstari ule wa njano ulipopita, michoro ilifutwa. Magari yakapakwa upya, mengi yakawa meupe matupu, yote yakafanana. Kwa vijana waliokuwa wakila kwa brashi, ulikuwa mwaka mbaya.

Hapa natoa maoni yangu, na unaweza kuyakataa. Nadhani kanuni za Michuki, bila kukusudia, zilifungulia taa njia. Mchoro ukishapakwa uko pale saa sita mchana, karao anauona, mwanasheria anauona. Ukikosea, unapaka gari zima upya. Taa ina swichi. Mchana haipo. Ukikaribia kizuizi, dereva anagusa kidude kilicho chini ya usukani na gari linakuwa jeupe lenye mstari wa njano, safi kama mtoto wa Sunday school. Ukivuka, linarudi kuwa nganya. Na katika miaka hiyo hiyo bei ya LED ilikuwa ikishuka duniani kote, na maduka ya Luthuli yakiuza tepe zake. Fundi wangu anasema hakuwahi kuulizwa "utachora nini?" baada ya 2004 kama alivyoulizwa "unaweza kuficha swichi wapi?"

Matatu ilizaliwa kwa kujificha, ikakua kwa kujionyesha. Taa ikaiwezesha kufanya yote mawili kwa usiku mmoja.

Halafu ukafika mwaka 2014, na mambo matatu yakatokea.

Oktoba, Akasaki, Amano na Nakamura wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa ile bluu. Mwaka huo huo, Rais Uhuru Kenyatta akasema hadharani kwamba vijana wanaopamba matatu wasisumbuliwe, hiyo ni kazi yao. Miaka kumi baada ya mstari wa njano, rangi zikarudi mchana, na taa hazikuondoka. Tangu hapo zimekwenda pamoja. Mnamo Novemba 2018 serikali ilirudisha msako wa kanuni za Michuki, magari yakaegeshwa, watu wakatembea tena, kisha polepole nganya zikarudi.

Jambo la tatu halipendwi kutajwa tunaposifu nganya. Tarehe 17 Novemba 2014 wanawake waliandamana katikati ya Nairobi baada ya mwanamke kuvuliwa nguo na genge la wanaume kwenye stendi ya matatu, video ikasambazwa. Nguo yangu, uamuzi wangu, ndivyo walivyokuwa wakisema. Ukiiweka habari hii kando ya ile ya Rais, huwezi kuandika historia ya taa kama sherehe tu. Gari linaweza kung'aa rangi kumi na sita na ndani yake mtu asionekane kuwa mtu.

Hata lugha yetu inajua kwamba mwanga si kitu kimoja. Zile taa ndefu za mtaani tunaziita mulika mwizi. Zile simu ndogo zenye tochi tuliziita hivyo hivyo. Kwa miaka mingi taa kubwa mtaani ilikuja kama ulinzi, na ulinzi mara nyingi ulikuja kama kushukiwa. Kijana wa Eastlands aliyekulia chini ya mulika mwizi, akimulikwa, ukimpa utepe wa LED na rimoti, kwa mara ya kwanza ni yeye anayeamua nini kimulikwe. Namwelewa. Mimi pia nilijisikia hivyo. Swali ni, akishaishika rimoti, anamulika nani?

Nirudi kwenye kazi, kwa sababu fundi alinifundisha hesabu kabla ya falsafa. Utepe mmoja wa kawaida wenye taa 60 kwa mita unakula kama wati 14 kwa mita. Mita tano, wati 72. Basi la kujionyesha linaweza kuwa na tepe kumi: dari, chini ya viti, ngazi, kuzunguka madirisha. Hizo ni wati 720, karibu robo tatu ya pasi ya umeme ya kawaida. Kwa volti 24 ni ampea 30. Ukipitisha ampea 30 kwenye waya mwembamba kwa sababu waya mnene ni ghali, waya unapata joto nyuma ya kile kitambaa kizuri cha dari, mahali ambapo hakuna anayeona. Kwa hiyo kila tepe mbili tatu zinapata njia yake, na kila njia fyuzi yake, na fyuzi inakaa karibu na betri, si karibu na taa. "Fyuzi hailindi taa," fundi husema. "Taa ni mia chache. Fyuzi inalinda waya, na waya unalinda watu."

Mwenye gari hatoi pesa kwa fyuzi kwa furaha. Hakuna abiria anayepanda gari kwa sababu lina fyuzi nzuri. Nimemwona fundi akibishana saa nzima juu ya shilingi mia mbili za waya na mtu aliyekuwa tayari kutumia elfu arobaini kwa rangi za dari. Wakati mwingine anashindwa. Akishindwa hafanyi hiyo kazi, na wiki hiyo tunakula githeri.

Basi lile la Industrial Area lilimalizika. Miezi kadhaa baadaye nililipanda usiku, kwa bahati tu, nikielekea nyumbani. Nilikaa nyuma kama mwizi anayerudi kuangalia nyumba aliyoiba. Dari ilikuwa ikibadilika kutoka bluu hadi zambarau, kwa mwendo wa ngoma, na vijana wawili mbele walikuwa wakirekodi video. Nilijivuna, sikatai.

Karibu na kituo cha pili mwanamke mmoja aliyekaa pembeni mwa njia akasimama ghafla.

"Makanga! Hebu washa taa."

"Si zimewaka, mathe?"

"Hizi si taa. Washa taa ya kuona. Kuna mkono ulikuwa kwa mkoba wangu."

Makanga akachukua rimoti. Akabonyeza nyekundu, kijani, akabonyeza nyeupe. Lakini ule utepe ulikuwa wa chipu za rangi tatu tu, na nyeupe yake ni rangi tatu zikijifanya moja, kibluu bluu, nyuso zote zinafanana na maiti. Tuliangaliana humo ndani bila kuonana. Kufikia wakati watu walipowasha tochi za simu, mlango ulikuwa umeshafunguliwa na mtu mmoja alikuwa ameshashuka. Pesa zilikuwa zimeenda. Mwanamke akakaa, akakumbatia mkoba, hakusema neno tena hadi mwisho wa safari. Taa za dari zikarudi zambarau.

Nilizifunga mimi zile taa. Nilihesabu ampea zake. Nilijua volti, nilijua alama ya kukatia, nilijua Mjapani aliyevumbua bluu yake. Hakuna aliyekuwa ameniuliza abiria ataona nini, na mimi sikuuliza.

Siku hizi bado napata kazi kwa fundi wikendi, makala zikichelewa kulipwa. Mwenye gari akitaka rangi, tunampa rangi. Lakini kabla ya kufunga dari huwa naweka taa mbili nyeupe halisi, moja mlangoni na moja katikati, zenye waya wake na fyuzi yake, nje ya rimoti. Swichi yake sifichi chini ya usukani. Naiweka juu ya mlango, mahali ambapo abiria aliyesimama anaifikia kwa mkono.